Mkato, Pumzi na Maana: Mazingatio ya Mwalimu wa Kiswahili Garissa

Vitabu vyetu vya sarufi huiita alama hii kwa majina matatu: mkato, koma na kipumuo. Jina la mwisho lina nadharia ndani yake, kwamba hapo msomaji huvuta pumzi. Hata hivyo, kanuni tunazozifundisha zimeegemea mno sarufi ya Kiingereza, ambamo mkato hutenga vishazi na vipashio vya orodha hata pale ambapo pumzi haihitajiki. Katika miaka niliyosomesha Garissa, nimejiuliza mara nyingi iwapo kanuni hizo zinamfaa mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ni ya tatu.

Mwanafunzi huyo haji darasani mikono mitupu. Aliyepitia duksi amezijua alama za waqfu tangu utotoni: mimu ndogo humwamuru asimame, lamu-alifu humkataza, na jimu humwachia hiari. Anajua pia nukta tatu zinazokuja kwa jozi, kama katika aya ya pili ya Sura ya Al-Baqara, ambapo akisimama penye jozi ya kwanza hasimami penye ya pili, kwani neno lililo katikati huambatana ama na yaliyolitangulia ama na yanayolifuata. Anayeyajua haya hahitaji kuambiwa kwamba kituo hubadili maana.

Tatizo lake, kwa maoni yangu, li kwingine. Kisomali, kilichopata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, hutofautisha viunganishi: 'iyo' huunga nomino, ilhali 'oo' huunga vitenzi na vishazi. Msikilizaji hutambua kwa kiunganishi chenyewe kama anatajiwa vitu au matendo. Afikapo kwenye Kiswahili, mwanafunzi huviweka vyote viwili chini ya 'na'. Ndipo huandika: Mzee alifika kisimani na aliteka maji na alinywesha ngamia na aliondoka. Msahihishaji anayefuata kanuni ya orodha hufuta kila 'na' na kutia mkato: Mzee alifika kisimani, aliteka maji, alinywesha ngamia, aliondoka. Alama imekaa mahali pake, lakini sentensi bado haijawa Kiswahili. Kilichokosekana ni mofimu -ka-: alifika kisimani, akateka maji, akanywesha ngamia, akaondoka. Tukiiondoa mikato yote katika sentensi hii ya mwisho, mfuatano wa matendo haupotei. Ni dhahiri basi kwamba katika muundo huu mkato ni msindikizaji tu. Mzigo umebebwa na kitenzi.

Katika orodha za nomino, ngeli nazo hufanya kazi ambayo Kiingereza huiachia alama. Tukisema 'unga, sukari na vikombe vya msaada', upatanisho wa 'vya' unatuonyesha kwamba sifa ya msaada imekishika kipashio cha mwisho. Lakini katika soko la mifugo la Garissa, mtu akiandika 'ng'ombe, mbuzi na ngamia wa Wajir', ngeli hunyamaza, kwa kuwa wanyama wote hupatanishwa kwa 'wa'. Je, wote wametoka Wajir, au ngamia peke yao? Mkato hauwezi kutuokoa; dawa ni kubadili mpangilio: ngamia wa Wajir, ng'ombe na mbuzi.

Lakini kuna mahali ambapo mkato ndio wenye kauli. Tulinganishe sentensi hizi: 'Wakazi ambao hawana vitambulisho wabaki nyuma', na 'Wakazi, ambao hawana vitambulisho, wabaki nyuma'. Ya kwanza inawachagua baadhi. Ya pili inadai kwamba wakazi wote hawana, na inawazuia wote. Katika eneo hili mfano huo si wa darasani tu. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliendesha uhakiki ambamo Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kuthibitisha uraia wao. Kwa jamii yenye kumbukumbu kama hiyo, tofauti kati ya 'baadhi' na 'wote' katika tangazo la ofisi ni jambo zito. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina njia iliyo salama zaidi: 'wakazi wasio na vitambulisho'. Hapo kirejeshi kimeshikamana na neno lake, na aghalabu humfanya msomaji aelewe kwamba wanatengwa baadhi, wala si wote.

Kwa hiyo nashikilia kwamba uakifishaji usifundishwe kama sura ya pekee ya kanuni za kukariri, wala insha isikatwe alama kwa kuhesabu mikato iliyokosekana. Tuanze na mofolojia: -ka-, ngeli na virejeshi. Tufuatishe sikio, ambalo mwanafunzi wa duksi tayari analo. Kisha ndipo tuje kwenye mkato, tukiuonyesha hasa pale ambapo usipokuwapo, au ukiwapo pasipostahili, mtu ataachwa nyuma bila sababu.