Kupewa na Kurudishiwa

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, kabla sijawa mkuu wa chuo, somo lililowachosha wanachuo kuliko yote lilikuwa mnyambuliko wa vitenzi. Waliona ni mchezo wa viambishi tu. Nami niliwaambia kila mwaka kwamba neno likigeuzwa hata kidogo, mali huweza kubadilisha mwenyewe. Anayepewa kitu hakuwa nacho. Anayerudishiwa kilikuwa chake tangu awali. Leo ningekuwa darasani, mfano ningeuchukua katika habari ya kinyago cha Kimakonde kilichotoka Dar es Salaam, kikakaa Geneva, kisha kikarudi.

Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalivunjwa, vikaibwa vitu kumi na saba. Kimojawapo kilikuwa kinyago hicho. Mwaka uliofuata kikauzwa Paris, na mnunuzi alikuwa Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, ambayo yalisema yamenunua kwa nia njema, bila kujua kwamba ni mali ya wizi. Mwaka 1990 profesa mmoja wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akakitambua. Hapo ndipo mtu angedhani habari imekwisha. La hasha. Barua zikaenda na kurudi, Baraza la Kimataifa la Makumbusho likaingia kati, mwaka 2006 Tanzania ikapeleka shauri kwenye kamati ya UNESCO inayohusika na mali za utamaduni, na kinyago kikakabidhiwa Paris tarehe 10 Mei, 2010. Tangu kutambuliwa hadi kukabidhiwa ni miaka ishirini. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka kilipotambuliwa alikuwa na umri wa kuwa mwalimu kilipokabidhiwa.

Sheria ilikuwa upande wa mnunuzi. Kwa sheria ya Uswisi ya wakati ule, aliyenunua kitu cha wizi kwa nia njema hakuweza kunyang'anywa ikishapita miaka mitano. Fanya hesabu, msomaji: 1984 jumlisha mitano ni 1989, na kinyago kilitambuliwa 1990. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara ya mali za utamaduni zilizoibwa sisi tuliuridhia mwaka 1977. Uswisi iliuridhia mwaka 2003. Tangu mwaka 2005 sheria yao mpya imerefusha muda wa kudai hadi miaka thelathini, lakini kwa manunuzi ya zamani haikusaidia kitu.

Hayo yote nayaelewa. Kilichonikaa moyoni ni neno moja. Waraka uliotiwa saini Paris ulikiita kitendo hicho zawadi. Makumbusho ya Geneva yaliipa zawadi Tanzania kitu kilichoibwa ndani ya jumba la Tanzania.

Wapo watakaosema, neno lina nini, mradi kinyago kimefika. Marehemu baba yangu asingekubali. Nilipokuwa kijana aliibiwa baiskeli, na baada ya miezi akaiona gulioni, akaitambua kwa fremu yake iliyochomelewa mahali pawili. Aliyekuwa nayo hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwungwana aliyeinunua kwa fedha yake. Wazee wakaketi. Hukumu yao ilikuwa fupi: baiskeli irudi kwa mwenyewe, na mnunuzi amtafute aliyemuuzia. Yule bwana alipoikabidhi, baba hakusema asante. Alisema, "Pole sana, ndugu yangu." Nafikiri ndilo neno lililofaa. Lilimpa mnunuzi heshima yake, kwa maana naye alikuwa ametapeliwa, lakini halikumpa baiskeli.

Geneva nao ningewapa pole, tena kwa moyo mweupe. Zawadi ni jambo jingine. Ukipokea kama zawadi, umekiri kwamba mtoaji alikuwa mwenyewe, na mwingine mwenye shauku ya kununua atauona mfano huo na kutulia.

Wala neno zawadi haliko peke yake. Mwaka 2024 vitu thelathini na viwili vya Waasante, vingi vikiwa vya dhahabu, vilipelekwa Kumasi nchini Ghana kutoka makumbusho mawili ya London. Miongoni mwake vimo vilivyochukuliwa katika vita vya mwaka 1874, askari wa Kiingereza walipoivamia Kumasi na kuichoma moto. Vilipelekwa kwa mkopo wa miaka mitatu. Sheria ya mwaka 1963 huifunga mikono British Museum isitoe vitu vyake, basi likatafutwa neno la kupitia katikati. Sina ugomvi na Waasante waliokubali. Mwenye njaa hasahihishi sarufi ya aliyeshika chakula. Ila kumkopesha mtu mali yake ni jambo ambalo kwa Kiswahili halisemeki bila watu kucheka.

Najua jibu linalonisubiri: mlango uliovunjwa mwaka 1984 ulikuwa wetu. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini sijasikia mahakama yoyote ikisema kwamba mwenye nyumba yenye kufuli bovu amepoteza haki ya vyombo vyake.

Swali gumu zaidi nililisikia kwa mwanachuo. Katika ziara moja ya masomo tulisimama mbele ya kabati la vinyago, na kijana mmoja wa Newala akainamisha macho. Nilipomwuliza, alinijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwetu hiki hakitazamwi hivi." Kwao midimu hutoka na wachezaji wake wakati wa jando, na kinyago huchongwa mbali na macho ya wanawake na ya watoto wasiopita jandoni. Na sisi tulikuwa na wanachuo wa kike nusu nzima, daftari mkononi. Dar es Salaam si Geneva, lakini kwa kijana yule zote mbili zilikuwa mbali na Newala, na hakuna aliyekuwa amewauliza wazee wake.

Ningepewa kazi ya kuandika kadi ya kuwekwa chini ya kinyago kile, kwanza ningekwenda Newala kuwauliza hao wazee kama kionyeshwe, na kwa nani. Wakikubali, kadi ingekuwa na mistari michache: kimechongwa na Wamakonde, kiliibwa humu mwaka 1984, kilirudishwa mwaka 2010.