Betri za Bibi

Redio ya bibi ilikula betri nne, na betri zilikuwa ghali, kwa hiyo habari nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, zilikuwa na saa zake. Betri zikianza kuchoka alizitoa, akazianika juu ya ukuta wa uani kando ya pilipili, akasema jua linazirudishia nguvu. Kweli zilirudi, kwa muda wa taarifa moja.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi ile bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, na karibu wakati uleule jingine Dar es Salaam. Mjomba alikuwa karani kwenye ofisi ya Haile Selassie Avenue, hatua chache kutoka hapo. Bibi alisikiliza taarifa ya saa saba hadi mwisho, akazima. Tukamsihi awashe tena.

"Hao wa redioni hawamjui mwanangu," alisema. "Tumngoje anayemjua."

Alasiri majirani wakaanza kuingia. Hapakuwa na maiti, lakini walikaa kama watu wa matanga: mikeka barazani, birika la chai ya tangawizi, mwenye kulia akalia, mwenye kuchagua mchele akachagua. Jumapili kijana wa duka la pembeni, lililokuwa na simu, alikuja mbio bila viatu. Mjomba yu hai, vioo vya dirisha vimemkata shavu. Hatukupiga vigelegele, nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa bado wanamngoja mtu wao. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, Dar 11. Siku kadhaa nchi nzima ilimwombea mama mmoja, Rose, aliyesikika akiita chini ya kifusi cha jengo la Ufundi. Saa ya taarifa ikifika tulinyamaza. Ikipita tulirudi kwenye kazi zetu. Rose hakutoka hai.

Shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, lilinikuta Nairobi, peke yangu katika chumba cha South B, na simu ambayo betri yake haikungoja jua. Mzingiro ulichukua siku nne, na siku zote nne nililala na simu. Wenzangu walipanga foleni kutoa damu. Mimi nilikuwa napangusa kioo kwa kidole gumba, nikijidanganya kwamba kujua ni namna ya kusaidia.

Lakini shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa ndilo lililonivunja. Tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, nilikuwa kibandani nakula madondo, picha ikaingia kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Sitaieleza. Niliitazama, nikaikuza, kisha nikawatumia watu watatu. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Labda sikutaka kubaki nayo peke yangu. Kwa miezi kadhaa, kila nikiingia supamaketi nilitafuta mlango wa nyuma kabla sijatafuta mkate.

Walikufa watu 148, 142 kati yao wanafunzi. Hesabu ya mwanzo ilisema 147, na Wakenya wakaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina, kwa picha walizopiga wakiwa hai. Jumanne iliyofuata, usiku, nilikwenda Uhuru Park kuwaomboleza. Msichana nisiyemjua aliniwashia mshumaa kwa mshumaa wake, upepo ukaizima yote miwili, tukaanza upya. Hapo ndipo nilipolia. Westgate nilijaa habari hadi shingoni na sikutoa chozi.

Hoteli ya Dusit, Nairobi, iliposhambuliwa, tarehe 15 Januari 2019, nilizima data. Haukuwa ushujaa, nilikuwa naijua mikono yangu. Nikabisha kwa jirani, Mama Njeri, redio ikiwa inaongea jikoni. Tulisikiliza taarifa, akapunguza sauti, akanipa sukuma wiki nikate. Nilikata nene mno, akaninyang'anya kisu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mjomba, siku hizi mstaafu, yuko Majengo kwenye baraza ileile. Nyuma yake nilisikia vikombe, na sauti ya mwanamke ikiuliza kama nimepatikana.

"Ndiye huyu, mzima," alimjibu. Kisha akaniuliza kama nimekula.