Nani Alimufundisha «Goed»?

Kwanza tunaungama kosa letu, maana wengi wenu mulikuwa pale.

Mwanzo wa mwaka sisi, kapita wa mafunzo ya jioni, tulikuwa tunasaidia wadogo kwa Kiingereza. Mutoto mumoja wa mwaka wa kwanza akasimama, akasoma: «Yesterday I goed to Dilala.» Tulicheka, sisi wa kwanza, na darasa lote nyuma yetu. Tukamuita «Bwana Goed» juma mbili nzima. Tangu siku ile hakunyoosha tena mukono.

Mwalimu wa Kiingereza aliposikia hakutukaripia. Aliuliza tu: «Goed, nani alimufundisha?» Tukakosa jibu. Mu kitabu haiko. Mwalimu hawezi kuisema. Basi mutoto aliijenga mwenyewe: alisikia worked, played, opened, akashika kanuni.

Ndipo alitusimulia habari ya Bibi Jean Berko wa Marekani. Katika utafiti aliotoa mwaka 1958, aliwaonyesha watoto wa miaka 4 mpaka 7 picha ya kanyama kama kandege: «Hii ni wug.» Kisha picha ya mbili: «Sasa ziko mbili. Ziko mbili…?» Neno lile alilitunga yeye, pasiwe mutoto mwenye kulikariri. Hata hivyo watoto 91 kwa 100 walijibu wugs. Lakini kwa tass, neno lingine la kutunga, waliopata tasses walikuwa 36 tu kwa 100, ingawa karibu wote walijua kusema glasses. Kanuni inaingia kipande kwa kipande. Na alipotaka wakati uliopita wa gling, watoto wengi walisema glinged. Ni watu wazima waliopotea njia, wakasema glang ao glung!

Hatukuamini sana. Siku ya mposho, nyumbani, tulichora chini na kijiti kanyama ka mikia mbili, tukamwambia mudogo wetu wa miaka 5: «Hii ni kapilu.» Tukachora kengine. «Sasa?»

«Tupilu tubili!» Hakufikiri hata kidogo.

Tukatunga mutu wa kazi, mulisha. Wakiwa wawili? «Balisha.» Na shofere? «Bashofere.» Shofere ni neno la Kifaransa, lakini yeye analivika ba- kama mutu yeyote wa Kolwezi. Baba, mwenye kupenda Kiswahili cha Biblia, alisema kwa kiti chake kwamba tubili si neno. Tulinyamaza. Na dada yetu wa masomo ya musingi anasema «j'ai prendu», ndugu kabisa ya goed.

Kwa sababu tulimucheka mbele ya darasa, tuliomba musamaha mbele ya darasa. Ilikuwa nguvu, hatufichi. Yule mudogo aliangalia meza yake, halafu akauliza: «Lakini yaya, mbona si goed?»

Kwa bahati mwalimu alikuwa ametuambia: went ilitoka kwa neno lingine la zamani, wend, ikakaa mahali pa wakati uliopita wa go.

«Basi waliazima kwa jirani, hawakurudisha,» alisema. Darasa likacheka, na yeye pamoja nalo.

Siku ya pili ya juma hili alinyoosha mukono. Alisema «two mouses». Mwalimu akaandika mice kwa ubao, na somo likaendelea.