Mahali pa Kusikilizia



Katika baraza zetu hapa Doha pana ubishi mdogo usiokwisha. Mmoja husema, "Jana usiku nimenasa stesheni ya mbali kwenye masafa ya kati, sauti safi kabisa." Mwenzake humjibu, "Hayo maneno tu. Redio yangu ni kama yako, na sikusikia ila mikwaruzo." Sisi tuliofundisha fizikia miaka mingi huko Pwani tumeusuluhisha ubishi huu mara kadhaa, na hukumu yetu ni kwamba wote wawili huenda wakawa wakweli. Kilichotofautiana ni mahali walipokaa.

Mawimbi ya masafa ya kati ni marefu: lile la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300. Mchana hutambaa juu ya ardhi, na yale yanayopanda humezwa na tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme. Jua likichwa, tabaka hilo hutoweka; mawimbi yakaakisiwa na tabaka la juu zaidi na kutua mamia ya kilomita mbali. Katika kutambaa kwake, njia bora ni bahari, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, ilhali mchanga mkavu huyadhoofisha upesi. Ndiyo maana aliye ufukweni Al Wakrah aghalabu humshinda aliye jangwani.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Nondo zilizomo katika zege huzuia mawimbi. Chaja za simu, taa za kisasa na baadhi ya viyoyozi hutoa mnong'ono wa umeme unaoifunika sauti dhaifu. Tumemfahamu bibi mmoja ambaye wajukuu zake walitaka kuitupa redio yake, wakidhani imekufa. Tuliitoa chumbani tukaipeleka roshanini, tukachomoa chaja iliyokuwa karibu, kisha tukaizungusha polepole, maana kijiti cheusi kilicho ndani yake hunasa vizuri kwa ubavu kuliko kwa ncha. Sauti ikatoka. Yule bibi hakusema neno. Alivuta kiti akaketi.

Wanaredio wa ridhaa wanaijua vyema tabia hii. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva mwaka 2007 uliwatengea masafa ya kilohezi 135.7 hadi 137.8, ambako wimbi moja hukaribia mita 2,200, kwa nguvu inayotoka kwenye antena isiyozidi wati 1. Kwa nguvu ndogo namna hiyo, msikilizaji aliye shambani penye utulivu anaweza kuipata ishara ambayo wa mjini, aliye karibu zaidi na mtumaji, haipati kabisa.

Qatar nayo ina mfano wa kinyume. Setilaiti yake ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa wanaredio wa ridhaa uitwao QO-100. Kwa kuwa imetulia juu ya ikweta, aliye Doha na aliye Zanzibar, ingawa kati yao pana takriban kilomita 3,700, huipata wakati wote, mradi dishi zao zielekezwe sawasawa. Mawimbi yake mafupi mno hushuka moja kwa moja kutoka juu. Yale marefu hupita ardhini, baharini na katika anga la usiku, na kila hatua huyapunguzia au huyaongezea kitu.

Basi tunawausia vijana wetu: chukueni redio ya betri na daftari. Sikilizeni stesheni moja adhuhuri na usiku, ndani ya nyumba, juu ya paa, kisha ufukweni. Andikeni saa, mahali na mliyoyasikia. Na mzee akiwaambia amesikia sauti ya mbali, msimkanushe kabla hamjaketi pale alipoketi yeye, saa ile ile aliyosikiliza.

Wabillahi tawfiq.