Betri Ikibebeshwa Mzigo

Katika kitivo chetu istilahi za sayansi tunazijadili tukiwa tumeketi. Tunauliza kama neno ni la Kibantu au la kukopa, kama linatamkika vizuri, kama kamusi imelikubali. Likizo iliyopita nilizikuta istilahi mbele ya watu waliosimama, nyaya mikononi, na tangu hapo nina swali jingine la kuwauliza wenzangu na walimu wetu: neno hili, akipewa mtu anayeanza, mkono wake utafanya nini?

Kwetu ni Nyangwe, ukingo wa kulia wa Lualaba. Huko juu, upande wa Kolwezi, mto huu unazungusha mitambo ya umeme ya Nzilo na Nseke. Kwetu unapita tu. Nyumba yenye taa usiku ni nyumba yenye paneli ya sola na betri, na betri yenyewe mara nyingi imekwisha kutumika kwa mwenye pikipiki au gari. Kwa hiyo kujua hali ya betri si somo la shule peke yake. Ni kujua kama fedha ya mavuno itawasha taa mwaka mzima au wiki mbili.

Kaka yangu mkubwa ni mwalimu wa umeme katika shule ya ufundi. Likizo hiyo aliwakusanya barazani kwetu vijana sita waliokuwa wakijiandaa kuanza mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme. Wote waliijua kanuni ya Ohm kwa moyo. Wanne hawajawahi kushika mita. Kaka alitaka wasifike maabara ya chuo wakiogopa vyombo. Juu ya meza aliweka multimita mbili, betri tatu za pikipiki, balbu ya taa ya mbele ya wati 35, nyaya, na paneli ndogo yenye kidhibiti chake cha chaji.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kifaransa, kama ilivyo desturi. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini umeme tunafundishwa kwa Kifaransa. Mstari mmoja uliwataka wapime volteji ya betri “en charge”. Vijana watatu wakaiunganisha betri na paneli, wakasoma 14.1. Watatu wengine wakaiunganisha na balbu, wakasoma 9.1. Betri ni ileile, karatasi ni ileile. Ubishi ukaanza, kila upande ukishika kidole juu ya neno lilelile.

Na kila upande ulikuwa na haki. Kwa Kifaransa, “charge” ni umeme unaoingizwa ndani ya betri, na pia ni kile ambacho betri inakitumikia. Mfaransa aliyezoea maabara anajua maana kwa mazingira ya sentensi. Anayeanza hana mazingira hayo. Ana sentensi tu. Kiswahili hakina shida hiyo hapa, kwa sababu kina maneno mawili: chaji na mzigo.

Kaka akanigeukia. “Wewe mtu wa lugha, tuandikie.”

Niliandika mistari mitatu. Pima betri ikiwa imepumzika. Pima betri ikichajiwa. Pima betri ikibebeshwa mzigo. Hakuna aliyeuliza maana ya mstari wa tatu. Nyangwe mzigo ni neno la zamani sana. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara. Livingstone alipofika mwaka 1871 alikuta soko lake limekwisha kuwa kubwa, na pembe za ndovu zilizopita kwetu kwenda pwani zilibebwa na watu. Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa njia hiyohiyo. Kijana mmoja akasema, akicheka, “Mpagazi akisimama bila mzigo, kila mmoja ana nguvu.” Kaka akanyamaza kidogo, kisha akamwambia hilo ndilo somo la siku, aliandike.

Wakaligeuza kuwa hesabu. Betri ya kwanza ilipopumzika ilisoma volti 12.6, ikawasha balbu, ikashuka hadi 12.3, mkondo ukiwa ampea 3. Imepoteza volti 0.3, gawanya kwa 3, ukinzani wake wa ndani pamoja na nyaya ni omu 0.1. Ile ya ubishi ilipopumzika ilisoma 12.4, karibu sawa na nzima. Ikibebeshwa balbu ikaanguka hadi 9.1, mkondo ampea 2.5. Imepoteza 3.3, ukinzani ni zaidi ya omu 1.3. Kwa kuitazama haikuwa na alama yoyote. Binti mmoja aliyekuwa ameandika 12 kamili, kwa kuwa ndivyo ilivyochapwa ubavuni mwa betri, akafuta na kuandika 12.4. Kaka alikuwa amekwisha kuwaambia: kilichoandikwa kiwandani ni jina la betri; kipimo ni kile ulichokisoma wewe.

Kupima mkondo kulituletea neno jingine la hatari, nalo ni “unganisha”. Karatasi nyingi husema: unganisha mita. Lakini mita inayopima volti na mita inayopima ampea haziungwi kwa namna moja. Ya volti hukaa kando ya njia na kugusa ncha mbili. Ya ampea lazima iwe sehemu ya njia yenyewe: unakata njia, unaitia mita katikati, umeme wote unapita ndani yake. Mita iliyowekwa kwenye ampea ukaigusisha ncha mbili za betri ni kama umeweka waya mtupu. Fyuzi yake itakatika, au nyaya zitakuunguza vidole. Kwa hiyo “unganisha” tukaliondoa. Kwa volti tukaandika: gusa ncha mbili. Kwa ampea: zima, kata njia, pitisha ndani ya mita, washa. Vitenzi vinne kwa mpangilio huo, na kila kimoja ni tendo ambalo mwalimu anaweza kulitazama kwa macho.

Sisemi kwamba neno letu lilimaliza kila kitu. Siku ya tatu kaka aliongeza balbu ya pili sambamba na ya kwanza. Kijana yuleyule wa mpagazi akauliza, “Mwalimu, mzigo umeongezeka. Mbona ukinzani umepungua?” Hapo mfano wa mpagazi uligota. Mzigo kichwani ukizidi, kazi inakuwa nzito kwa kuwa kuna kilo zaidi. Mzigo wa betri ukizidi ni kwamba njia za umeme zimekuwa nyingi, kwa hiyo mkondo unaodaiwa ni mkubwa na ukinzani wa jumla ni mdogo. Ilibidi tuchore, tupime, tuchore tena. Neno la nyumbani linamfikisha mwanafunzi mlangoni. Ndani anaingia kwa kipimo. Na majina ya Kifaransa tuliyaandika pembeni, maana ndiyo watakayokutana nayo chuoni.

Wiki iliyofuata, yule binti alimsindikiza shangazi yake sokoni. Shangazi anachaji simu za watu, na betri yake ilikuwa imekufa. Muuzaji akagusa ncha mbili kwa mita yake, akaonyesha 12.5, akasema, “Mama, hii ni nzima.” Binti akatoa balbu. “Shikamoo, baba. Tuibebeshe kwanza.” Betri mbili zilianguka, ya tatu ikasimama, shangazi akanunua ya tatu. Aliponisimulia sikumsikia akitaja neno “ukinzani” hata mara moja, ila alikuwa ameufanyia kazi ukinzani.

Kazi ya kusanifu istilahi imekwisha kufanyika kwa bidii. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ni ya mwaka 1990. Kilichobaki nyuma ni sentensi ambamo istilahi hizo hukaa, hasa za karatasi ya maabara, ambako kitenzi kilicholegea kinaunguza fyuzi. Napendekeza kitivo chetu kiwe na zoezi moja kila mwaka pamoja na wenzetu wa uhandisi. Tuandike maelekezo ya jaribio moja, tuwape wanafunzi wawili wanaoanza, kila mmoja meza yake, nasi tukae kimya. Wakifanya mambo mawili tofauti, sentensi hiyo irudi kwetu.