Kamba ya Mlimani

Sisi watu wa mwambao twaijua theluji kwa jina kabla ya kuijua kwa macho. Jina lenyewe tumelipata katika Kiarabu, na walio wengi wetu hatuna mfano wake ila ule weupe wa kilele cha Kilimanjaro uonekanao kwa mbali. Aitazamaye kwa mbali hudhani kuwa ni kitu kimoja. Mimi nimekaa majira mawili ya baridi kwa mdogo wangu aliyehamia Calgary, nchini Kanada, na huko nimejifunza kwamba theluji ni vitu vingi vyenye rangi moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi tulikwenda Lake Louise, ndani ya Hifadhi ya Banff, iliyowekwa mwaka 1885 na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Kanada. Usiku wake theluji mpya ilikuwa imeanguka na upepo umevuma. Tulipandishwa kwa viti vining'iniavyo katika waya, na mbao za kutelezea zimefungwa miguuni. Mimi nilishika njia nyepesi, ile ya wanaojifunza, na katika mteremko huo mmoja miguu yangu ilikutana na theluji za namna tatu. Kivulini ilikuwa ngumu kama sakafu, na mbao zikilia juu yake. Pembeni, upepo ulikoirundika, ilikuwa laini kama unga uliochekechwa. Na palipopigwa na jua la jana kisha pakaganda usiku, palikuwa na ukoko juu na ulaini chini, mfano wa wali uliopaliwa makaa. Ukoko ukivunjika, ubao huzama ghafula, na mtu huenda kifudifudi.

Tulipopanda tena tulimkuta mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka kumi na sita, amesimama na wenziwe penye kamba. Ng'ambo ya kamba hiyo palikuwa na mteremko mkali, uliofungwa siku kadhaa, nao ulitazamiwa kufunguliwa asubuhi ile. Theluji yake haikuwa na alama hata moja. Mwenzake mmoja alikwisha inama apite chini ya kamba. Kijana akaniambia, "Baba mkubwa, theluji yote ni nyeupe, twangoja nini?"

Mama yake, mzaliwa wa Mombasa, hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, wewe waona juu. Wale walinzi wa mlima wamechimba wakaona chini. Ngoja." Kijana alinuna, lakini alingoja, na yule mwenzake akarudi nyuma.

Haukupita muda tukasikia mshindo wa baruti, mmoja, kisha wa pili. Upande wa kushoto wa mteremko theluji ilipasuka mstari mrefu kama sahani, ikaporomoka bondeni kwa vumbi jeupe. Hapana aliyesema neno.

Sababu yake yafaa ielezwe. Mwanzo wa baridi, theluji ikiwa haba, ardhi chini huwa na vuguvugu na hewa juu huwa kali. Hapo chembe za chini hukua zikawa kama sukari ya mchanga, wala hazishikani. Baadaye upepo huweka juu yake bamba zito. Bamba hilo likilala juu ya sukari hiyo, katika mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kulivunja. Ndiyo maana walinzi hulivunja wao kwa baruti kabla watu hawajaingia.

Hatari hii si hadithi. Tarehe 1 Februari 2003, katika bonde la Connaught Creek, mbali na viwanja vinavyolindwa namna hii, wanafunzi 7 wa shule moja ya Alberta walifunikwa na poromoko wakafa. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo cha taifa cha kutangaza hatari hizi, ambacho leo huitwa Avalanche Canada. Waendao milima isiyolindwa huchukua beleshi, fimbo ndefu ya kuchokolea, na kidude cha kutoa na kupokea ishara za redio, kwani aliyefukiwa tumaini lake kubwa li katika dakika kumi za mwanzo.

Baada ya kiasi cha saa moja kamba ya kulia iliondolewa, na wale wale walioifunga ndio walioifungua. Ya kushoto ilibaki. Kijana akashuka, mara katika unga, mara juu ya ukoko, akafika chini salama akicheka.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na neno la mama yule limenikaa. Kumwambia mtoto "usipite" ni nusu ya malezi. Nusu ya pili ni kumwonyesha kilicho chini ya kile akionacho, ili siku atakapokuwa peke yake penye kamba, asingoje kukatazwa.