Amana Iliyofumbwa

Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, binti mmoja alifungua diwani aliyoiacha marehemu babaye, malenga wa pwani aliyehamia bara. Badala ya hati ya Kiarabu, kompyuta ilimtolea herufi za Kizungu zisizo na maana. Fonti ya marehemu ilikuwa ya muundo wa Type 1, uliotolewa na Adobe mwaka 1984. Programu za Adobe zenyewe ziliacha kuupokea Januari 2023.

Aliikagua faili ya fonti baiti kwa baiti. Ya kwanza ilikuwa 128, ya pili 1, zikafuata nne za kupimia urefu wa fungu. Fungu hilo, lililo wazi, lilitaja namba ya kila umbo. La pili, lenye michoro, lilifumbwa. Lakini kanuni ya kulifumbua, kwa namba 55665 kisha 4330, Adobe waliichapisha mwaka 1990. Maumbo yakadhihiri: che ya mwanzo, ya kati, ya mwisho. Akayarejesha yote katika herufi moja ya Yunikodi.

Jioni ubeti wa kwanza ulisomeka. Mamaye aliusoma kwa sauti, vina vikatimia. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaomba wa pili.